Nani Amemwona?

Mwanakheri alikuwa anamenya vitunguu ujumbe ulipoingia kwenye kundi la wazazi wa shule. "Watoto wa wahamiaji wana ugonjwa. Tuwatoe shuleni. Sambaza!" Chini yake palikuwa na picha ya mtoto mwenye vidonda.

"Mtumie na wifi yako," mumewe alisema.

Mwanakheri akafuta mikono, akaikuza picha. Nyuma ya mtoto kulikuwa na theluji.

"Baba Rehani, hapa kwetu theluji imeanguka lini?"

Mumewe akainama kuitazama picha.

Mwanakheri akaandika kundini: "Picha hii si ya hapa. Nani amemwona mtoto mgonjwa kwa macho yake?"

Kisha likatokea jina la Mama Nadeje, mhamiaji ambaye wote walikuwa wamesahau kwamba yumo kundini. Alikuwa anaandika. Akaacha. Akaanza tena kuandika.