Ukuta Uliomsahau Mwantumu

Tangu jua lianze kuua, kila mtaa hujijengea nyumba ya hifadhi, na nyumba hiyo haina ufunguo. Kuta zake hukumbuka sauti zilizoimba lipu ikiwa mbichi, na mlango humfungulia anayekumbukwa. Asiyekumbukwa hubaki juani.

Mwantumu ndiye aliyewaongoza wajenzi kwa nyimbo, tangu msingi hadi paa. Siku ya mwisho kaka yake Mbaraka, fundi mkuu, alimwambia, "Dada, nenda mtoni ukatuletee mchanga wa kumalizia." Akaenda.

Asubuhi iliyofuata king'ora cha joto kililia. Mwantumu alisimama mlangoni akaimba, akaimba tena. Mlango ukakaa kimya kama kaburi. Miguuni pake ilikuwa imelundikana lipu iliyokwanguliwa.

"Mbaraka! Mmepiga lipu upya bila mimi?"

"Punguza sauti, dada," Mbaraka alinong'ona kwenye tundu la hewa. "Nafasi ni chache, na mke wangu ana ndugu wengi."

"Na mimi nani wako? Mmeuimbia ukuta wimbo wa nani?"

Ndani bakora ya mama yao ilisikika ikigonga sakafu, ikikaribia.

"Mbona simsikii Mwantumu?"

"Yuko njiani, mama. Anakuja."

Mwantumu alifumbua mdomo aite. Lakini alimjua mama yake: akisikia tu, atatoka nje juani. Akaufumba mdomo, kama Mbaraka alivyojua kwamba angeufumba.