Kampuni ya Watu Watano

Kampuni ilikuwa na watu watano: mkurugenzi, katibu, mhasibu, fundi wa tovuti na mchoraji. Wote walilala kitanda kimoja, kwa kuwa walikuwa mtu mmoja. Wateja wakubwa hawamwamini mtu aliye peke yake.

Mteja mkubwa kuliko wote akapiga simu. “Mkurugenzi, katibu wako ana adabu sana. Ila huyo mchoraji mfukuze leo, la sivyo kazi tunaipeleka kwingine.”

“Sawa, mheshimiwa.”

Aliitazama sugu ya kalamu kwenye kidole chake. Wale wanne alikuwa amewabuni ili mchoraji apate kula.

Mkewe alichungulia barua ya kumfukuza mchoraji kwenye kompyuta. “Bosi, hata sababu humpi?”

Mkurugenzi akaandika kwamba mchoraji hana kipaji, kisha katibu akatia sahihi.