Kilo Nne Kabla ya Alhamisi

"Tangu nishike mkasi, sijawahi kudanganya kipimo," aliandika Fundi, na watu mia mbili na ushee wa kikundi cha Sahani Nyepesi wakampigia makofi ya kwenye simu.

Fundi cherehani kujisifia vipimo ni sawa na jogoo kujisifia kuwika. Lakini siku ile alitaka aaminiwe. Alikuwa mgeni, na mgeni mwenyewe alikuja kuomba.

Mke wake alikuwa anasubiri kutolewa uvimbe tumboni. Daktari alisema kati ya mgonjwa na kisu zimesimama kilo nne; mwili ulivyo sasa hautahimili dawa ya usingizi. Alhamisi ya wiki ijayo mizani iseme vingine, la sivyo nafasi anapewa mwingine na yeye anarudi mwisho wa foleni. Foleni ilikuwa ya miezi minane. Uvimbe haukujua kupanga foleni.

Kazi ya kikundi kile ilikuwa moja: unapiga picha ulichopika kwako, unaandika kalori zake, wenzako wanakukosoa. Kiongozi wao walimwita Kijiko, kwa vile hakuwa na huruma na mtu anayemimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Namba yake Fundi aliikuta imebandikwa ukutani hospitalini, kwenye chumba cha kupimia uzito.

"Pole, kaka," Kijiko aliandika. "Tuanze na maadui." Akashusha orodha: siagi ya karanga, parachichi, maziwa yenye malai, viazi vya kukaanga, mayai yaliyoogeshwa siagi. "Kijiko kimoja cha siagi ya karanga ni kalori mia. Ukikiona, kimbia."

Fundi aliinakili yote kwenye daftari lake la vipimo, chini ya kiuno cha bibi harusi mmoja na kifua cha mwalimu mkuu, akaenda nayo sokoni asije akasahau hata kimoja.

Jioni aliingia jikoni. Alipima, akaonja, akahesabu kwa vidole, akapima tena. Mkewe alikaa kwenye stuli mlangoni, anamtazama.

"Baba watoto, hicho ni chakula au suruali? Umekipima mara tatu."

"Wewe kula tu, mama. Kikikubana nitakifumua."

Mkewe akacheka. Akala vijiko vinne, akaisogeza sahani.

Fundi alipiga picha ya kilichobaki na kuuliza kikundini: amekula vijiko vinne, hapo zimeingia kalori ngapi?

"Kama mia na ishirini," Kijiko alijibu. "Mkeo ana nidhamu. Wengine hapa tunaramba mpaka mwiko."

Fundi aliusoma ujumbe mara mbili, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku zikakimbia. Alipeleka kikundini maharage, akapeleka supu, akapeleka uji. Kijiko hakupitwa na kitu.

"Fundi, hiyo supu mbona inang'aa?"

"Ni taa ya jikoni."

Jumapili aliazima mizani ya magunia kwa muuza mchele wa jirani. Mkewe akapanda, na mshale ukasimama palepale pa siku zote, kama mtu aliyefika kwao. Bado kilo nne. Fundi aliugonga kioo kwa ukucha. Mshale haukumjali.

Jumatatu alilibana gauni la buluu la mkewe, mara ya tatu tangu mwaka uanze, akatuma picha. Kikundi kikafurika hongera. "Mizani inaweza kununa," Kijiko aliandika, "lakini gauni halidanganyi." Fundi alizima simu, akajikunja chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, akiuma kiganja ili mkewe asimsikie. Makofi ya simu hayajawahi kumlainisha daktari.

Jumatano mteja alifuata mapazia yake. Mapazia mazuri hutiwa vyuma vidogo kwenye upindo wa chini, yaning'inie sawa. Mteja aliyanyanyua, akayapepesa.

"Fundi, haya si mapazia, ni bendera. Vyuma viko wapi?"

"Vimeniishia, dada. Njoo Ijumaa."

Alhamisi asubuhi mkewe alivaa gauni la buluu. Ngazi za hospitali ni kumi na mbili tu, lakini walizipanda kwa vituo vitatu, mke amemwegemea mume, anahema.

"Hili gauni leo lina nini?" aliuliza. "Au ni mimi?"

"Ni ngazi," Fundi alisema.

Muuguzi wa chumba cha kupimia alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni. Alimpandisha mgonjwa kwenye mizani. Mshale ukatetemeka, ukapita, ukarudi, ukatulia pale pale daktari alipopataka. Fundi alifumba macho. Kwa mara ya kwanza wiki ile alivuta pumzi mpaka chini.

"Hongera, mama," alisema muuguzi, akiandika. "Leo hii unaingia."

Akamshika mkono ili amshushe. Vidole vyake viliuzunguka mkono ule karibu na bega, vikakutana upande wa pili, na nafasi ikabaki. Alivaa miwani, akalitazama gauni la buluu kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka picha. Akaupapasa upindo.

Alimvua mgonjwa taratibu na kumfunika shuka, maana mabega yalikuwa yamechongoka kama tundiko la nguo. Kisha akaliweka gauni peke yake juu ya mizani.

"Kilo nne kamili," alisema Kijiko. "Na wewe, Fundi, tangu ushike mkasi hujawahi kudanganya kipimo."