Maoni ya Pembeni

Kaka alizunguka nyuma ya kiti changu kama kuku anayetaka kutaga. "Rekebisha makosa ya herufi tu, dada, tuchape. Mama ameshapakwa wino kidoleni."

Mkataba ulisema kaka ataikarabati nyumba ya mama. Mimi ni kipofu. Kompyuta hunisomea masikioni, tena naikimbiza mpaka wengine wakisikiliza husikia kama nzi tu ndani ya chupa.

Ukurasa wa mwisho, penye nafasi ya saini, sauti ikasema: "Maoni ya pembeni. Wakili, mama akishatia dole hapa, tubadilishe ukurasa wa kwanza. Nyumba iandikwe jina langu."

Nikairudisha. Ikasema yale yale. Kaka alikuwa ameyaficha maoni yake kwenye skrini, lakini aliyaficha machoni tu.

"Bado?" akafoka, akigonga meza kwa kalamu.

Mama akanishika kiganja. Wino wa dole gumba lake ukaninata, mbichi, wa baridi. "Fanya haraka, mwanangu, wino usije ukanikaukia."

Nikapunguza kasi ya sauti, ikawa kama ya mtu anayemsomea mtoto.

"Sogea hapa, mama," nikasema, nikachomoa waya wa masikioni kwenye kompyuta.