Mbegu za Mghanga

Sheria ilikuwa wazi: seli za mtoto ni mali ya mzazi aliyezihifadhi. Mghanga alipougua saratani angali mdogo, madaktari walimtoa seli changa zinazozaa mbegu za kiume, wakazigandisha kabla dawa kali hazijamwacha tasa. Sasa alikuwa ameoa, naye na mkewe Wakesho walitaka mtoto. Kliniki ikamjibu kwamba seli zake zimeshachukuliwa.

Alimwendea mama yake siku hiyo hiyo.

"Mama, umezipeleka wapi?"

Mama aliendelea kuchambua mboga kwenye ungo. "Nimempa kaka yako Mwandoe, asiye na mbegu. Madaktari wamempandikiza, na mkewe sasa ana mimba."

"Mbegu zangu!"

"Damu ni moja. Yeye ndiye mkubwa."

Mghanga akaupiga teke ule ungo, mboga zikatapakaa uani. "Ulinipeleka kutibiwa au kuvunwa?"

"Usinipandishie sauti. Bila mimi ungekuwa kaburini."

Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa mama wala kwa kaka yake. Lakini mtoto alipozaliwa, mama alimleta mwenyewe, akampakatisha Wakesho bila kuuliza.

"Haya, mwonyeshe baba yake mdogo," alisema akicheka.

Wakesho alimtazama mtoto, akamtazama mumewe. Paji la uso lilikuwa lile lile.

"Mama, wewe nenda nyumbani," alisema taratibu. "Huyu hatoki hapa."

Mama akamgeukia mwanawe amkanye mkewe. Mghanga alikuwa amekwisha kufungua mlango, akingoja mama atoke.