Kidole cha Kasiva

Karani wa usajili aliinua macho kutoka kwenye fomu ya kitambulisho. "Msichana ana jina la Kijaluo, na wewe mama ni Mkamba wa Kitui. Sasa huyu ni wa wapi?"

"Babangu alikuwa Mjaluo," msichana alijibu upesi. "Si ndiyo, mathe?"

Huo ulikuwa uongo wa Kasiva mwenyewe. Alimchukua mtoto huyo akiwa na miezi minane, jirani yake Mjaluo alipofariki katika mtaa wa mabanda wa Lindi, akahamia naye mtaa wa Kawangware ambako hakuna aliyewajua.

"Basi weka kidole hapa, uape kwamba ni wewe uliyemzaa."

Watu kwenye foleni walianza kunung'unika. Kasiva alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakishikilia juu ya karatasi. Wino uliingia kwenye nyufa zote ambazo sabuni ya kufulia watu nguo ilikuwa imezichimba.

"Mathe, weka basi! Tunachelewa."

Kasiva alikifuta kidole kwenye leso, akamgeukia msichana.

"Mamako aliitwa Magdaline," alisema.