Kona ya Chini, Kushoto

"Kona ya chini, kushoto. Ndogo kama kucha," Mohamedamin alisema. "Chora alama ya ngamia wetu. Nikiiona tu, nimejua karatasi ni yako."

Bare, mtoto wa dada yake, alikuna kichwa. "Abti, kwani ngamia wetu wana alama?"

Astaghfirullah! Kijana wa miaka ishirini na saba, mjomba wake ana ngamia sitini nje ya Garissa, na hajui wamechomwa alama gani shingoni. Lakini utamlaumuje? Amekulia Islii, Nairobi, ngamia amekutana naye kwenye sahani tu.

"Nenda malishoni ukatazame," mjomba akasema. "Na usimwambie mtu."

Balaa lote lililetwa na mfumo mpya. Serikali ilikuwa imeamua kuajiri watu kwa kompyuta. Maombi yanatumwa mtandaoni, mtihani unaandikwa, na kwenye karatasi hakuna jina, ni namba tupu. Alama za mtihani zikishaingizwa, hazibadiliki hata ulie machozi ya damu. Mohamedamin, msahihishaji mkuu, alikuwa ameajiri watu miaka ishirini kwa swali moja tu: wewe ni wa nani? Sasa aambiwe na sanduku la plastiki nani anafaa?

"Wallahi, hilo sanduku nitalichezesha," alijigamba.

Nafasi ilikuwa moja, afisa wa rekodi za watumishi, na alikwisha kumwahidi dada yake Qali, mama yake Bare. Qali naye, mdomo haumtulii, alikwisha kuwaambia wakwe kwamba Bare ni mtu wa serikali. Wakwe wakajibu vizuri sana: waione barua ya kazi, au binti yao abaki kwao.

Basi Bare akakodi tuk-tuk mpaka malishoni, amevaa viatu vyeupe, mtandio puani. Alimkuta Tiya, binti wa Golicha, mchungaji wa ngamia hao, akifunga madumu ya maziwa ya kupeleka sokoni. Salamu hakutoa. Chini palikuwa na samadi, na kando ya madumu palikuwa na kitabu kinene. Bare akapanda juu ya kitabu, viatu visichafuke.

"Wewe! Nionyeshe alama ya hawa ngamia."

Tiya alikitazama kitabu, kisha viatu. "Ya nini?"

"Ya mtihani. Mambo ya ofisi hayo, wewe hutaelewa."

"Mtihani ule wa Jumamosi?"

"Ule ule. Mjomba anataka niichore ndogo kwenye kona ya chini, kushoto. Haya, harakisha, jua linachoma!"

"Si usogee uone mwenyewe? Iko hapa shingoni."

Ngamia wa karibu akakoroma, na mtu wa serikali akaruka nyuma kama kaona nyoka. Tiya hakucheka. Aliokota kijiti, akachora mchangani polepole. Bare akapiga picha kwa simu na kuondoka. Asante? Asante ya nani! Alimwachia vumbi la tuk-tuk.

Wiki mbili baadaye karatasi zilikuwa mezani kwa Mohamedamin. Mkabala naye aliketi Adow, msahihishaji wa pili, mtu mpole anayesali safu ya mbele, ambaye ngamia wake hunywa kisima kimoja na wa Mohamedamin. Adow alikuwa akisoma kila jibu, kalamu mkononi, maskini wa Mungu. Mohamedamin alikuwa akisoma kona.

Namba 147. Hiyo hapo! Alama yake mwenyewe, ndogo kama kucha, mistari imenyooka.

"Mashallah," alinong'ona. "Kumbe kijana ana mkono."

Akaandika tisini na sita. Majibu hakuyagusa, maana alimjua Bare, na aliogopa akisoma hata mstari mmoja atashindwa kumpa hamsini.

Alikuwa karibu kumaliza alipofika namba 203, na hapo chai ikampalia. Kona ya chini, kushoto, palikuwa na alama ya ngamia wa Adow! Aliijua vizuri, amegombana nayo kisimani miaka thelathini. Aliinua macho. Adow alikuwa anakunywa chai yake kwa utulivu.

Mnafiki mkubwa! Kumbe naye ana mtu wake, na mbinu kaiba! Mohamedamin alishikwa na hasira ya mtu mwadilifu. Huu ni wizi wa mtihani, na nchi hii haitaendelea kwa watu wa namna hii. Akampa mtahiniwa namba 203 alama tatu kwa mia, kisha akaziingiza zote kwenye kompyuta kwa kidole chake mwenyewe, akibonyeza kwa nguvu.

"Adow," alisema akitoka, "Mungu anaona."

"Anaona, ndugu yangu," Adow akajibu, bila kujua anashtakiwa nini.

Siku ya matokeo Qali alifika na wakwe, hina mbichi mikononi. Mohamedamin aliwasimamisha mbele kabisa, karibu na skrini ukutani. Saa nne kamili majina yakatokea kando ya namba. Qali, mwenye macho makali, alianza kusoma kutoka chini.

"Walaal, Bare ndiye namba 203? Hii tatu ni ya nini?"

Mohamedamin alikuwa ameinua macho hadi juu kabisa, kwenye namba 147, na nyuma yake mtu alitua madumu mawili ya maziwa sakafuni.

"Salaam aleykum, Mzee," alisema Tiya Golicha. "Jumatatu niripoti saa ngapi?"